Ng'ombe, Mbung'o na Birika la Chai

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, aliteremka Mogadishu akawa mgeni wa sultani wa mji ule. Aliandaliwa wali wa samli, na pamoja nao bakuli la ndizi mbichi zilizopikwa ndani ya maziwa, na bakuli jingine la maziwa ya mgando, likiandamana na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Kisha jahazi likashuka kusini mpaka Mombasa, akalala hapo usiku mmoja. Chakula cha watu wa kisiwa kile, aliandika, kilikuwa ndizi na samaki. Maziwa hakuyataja.

Mwambao ni ule ule, bahari ni ile ile, na waliompokea kote kote walikuwa Waislamu wenzake. Ila katikati ya milo ile miwili alikuwa amevuka mpaka ambao hadi leo haujafutika. Mkenya wa kawaida hutumia zaidi ya lita 100 za maziwa kwa mwaka. Ukivuka Namanga ukaingia Tanzania, nchi yenye ng'ombe wengi kuliko Kenya, takwimu za serikali zilikaa kwa miaka mingi kwenye lita 45 hivi kwa kila mtu, na ni juzi tu zimeanza kupanda. Hata hizo lita 45 zinaficha mengi, kwa kuwa mtoto wa Monduli, kwenye Umasai, na mtoto wa Newala, kusini kwa Wamakonde, hawakutani kabisa kwenye hesabu hiyo.

Watu wana maelezo yao tayari. Mmasai kazaliwa na maziwa, Mswahili na nazi, Mmakonde na muhogo. Kila mtu na mila yake. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni na siyakubali. Mila zenyewe zina chanzo, na chanzo cha hii kinaweza kusimuliwa kwa miaka na majina: nani alikuwa na ng'ombe, nani alinyang'anywa, mdudu gani aliishi wapi, na serikali ipi ilipitisha sheria ipi.

Ng'ombe walikuja kutoka kaskazini. Sahara ilipokuwa ikikauka, wafugaji waliteremka na mifugo yao, na kufikia miaka kama 5,000 iliyopita walikuwa kwenye ukingo wa Ziwa Turkana. Kutoka hapo hadi mbuga za Bonde la Ufa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania si mbali kwa mtu anayehama na mifugo, lakini safari ile ilichukua kama miaka elfu mbili. Wanaakiolojia wengi wanashuku kwamba maradhi ndiyo yaliyowachelewesha: ndigana, nagana, na homa ambayo ng'ombe huipata kwa nyumbu. Huko Luxmanda, kwenye nyanda za juu za Mbulu, kuna makazi ya wafugaji yenye umri wa karibu miaka 3,000. Watafiti waliochunguza vigae vya vyungu vya kale kutoka maeneo ya namna hiyo ya Kenya na Tanzania walikuta mafuta yaliyojipenyeza ndani ya udongo, na vipimo vikaonyesha nyama, mimea, na maziwa.

Mwili nao ulibeba kumbukumbu yake. Kila mtoto mchanga ana kimeng'enya cha laktesi kinachosaga sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na mtu mzima akinywa maziwa mabichi kwa wingi tumbo humuunguruma na kumsokota. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walilitambua badiliko la kijeni linalowaruhusu watu wa Ulaya kaskazini kuendelea kunywa maziwa ukubwani. Wafugaji wa kwetu walipopimwa, wengi hawakuwa nalo, na bado walikuwa wakinywa maziwa kila siku ya Mungu. Sarah Tishkoff na wenzake wakazunguka Tanzania, Kenya na Sudan, wakiwanywesha watu sukari ya maziwa iliyoyeyushwa kwenye maji, kisha wakiwatoboa kidole kila baada ya muda kuona kama sukari imepanda katika damu. Walipima watu 470 wa makabila 43. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: Afrika Mashariki ina mabadiliko yake yenyewe, na lile lililoenea zaidi Kenya na Tanzania lilizuka kati ya miaka 3,000 na 7,000 hivi iliyopita, yaani katika zama zile zile ng'ombe walipokuwa wakishuka kuja kusini. Lilienea kwa kasi, kwa sababu aliyeweza kunywa maziwa wakati wa ukame alibaki hai na akazaa.

Lakini damu haielezi kila kitu. Katika utafiti ule ule karibu nusu ya Wahadzabe waliopimwa walikuwa na uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na Wahadzabe ni wawindaji na waokota matunda wasiofuga ng'ombe. Na kwa upande wa pili, mtu asiye na uwezo huo anaweza kunywa maziwa yaliyoganda bila taabu kubwa, maana bakteria wanaoyagandisha huwa wameila sehemu ya sukari hiyo kabla yake. Ndiyo maana maziwa ya kale ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa yalinyweka yakiwa yameganda.

Tazama namna Wakalenjin wanavyotengeneza mursik. Kibuyu, wanachokiita sotet, huoshwa na kukaushwa. Mwanamke huchoma kijiti cha mti wa senetwet hadi kiwe kaa jekundu, akaliingiza kibuyuni, akalipondaponda kwa ufito mrefu uliochanuliwa ncha kama brashi, akilizungusha mpaka kuta zote za ndani ziwe nyeusi na moshi uwe umekolea. Majivu ya ziada huyakung'uta nje. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu kikafunikwa na kuwekwa mahali pa ubaridi kwa siku kadhaa, wengine hata majuma. Yanayotoka ni mazito, yana rangi ya kijivu inayokaribia ubuluu, na ukali wenye harufu ya moshi. Wamasai hufanya kazi hiyo hiyo kwa mzeituni pori wao, oloirien. Mkaa ule huua vijidudu vibaya na kuwaachia nafasi wale wa kugandisha. Wanariadha wa Kenya wanaporudi na medali, kibuyu cha mursik ndicho kinachowapokea uwanja wa ndege.

Kwa nini basi kibuyu hicho hakikufika Lindi, pwani ya kusini?

Jibu la kwanza ni mbung'o. Misitu ya miombo, inayofunika sehemu kubwa ya kusini na magharibi mwa Tanzania, ni makazi yake, na ng'ombe akiumwa na mbung'o mwenye vimelea hupata nagana: hukonda, manyoya husimama, maziwa hukauka, mwisho hufa. Nyuma ya mji wa pwani palikuwa na vichaka, na vichakani palikuwa na mdudu huyo. Mtu wa pwani alikuwa na mnazi, akakuna nazi, akakamua tui, akapikia wali, samaki, kunde, mchicha na ndizi. Mafuta ya ng'ombe hakuyakosa kabisa, kwa kuwa samli ilikuja kwa jahazi. Maziwa freshi yalikuwa kitu cha wachache wenye ng'ombe wawili watatu mjini.

Mpaka wa mbung'o, hata hivyo, haukuwa umechorwa kwa wino usiofutika. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya historia ya mazingira ya Afrika Mashariki, alionyesha kwamba kabla ya 1890 watu wa bara la Tanganyika walikuwa wameudhibiti kwa jembe, kwa moto na kwa mifugo yenyewe. Walifyeka, walilima, walichunga, na pori likakaa mbali na maboma yao. Wangoni walipofika Songea kutoka kusini katikati ya karne ya 19 walikuja na ng'ombe, na wakafuga.

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na ng'ombe walioletwa Massawa wakati wa uvamizi wa Waitalia, ukateremka kwa kasi, na kufikia 1891 ulikuwa umeshawapitia Wamasai. Wengi wanakadiria kuwa ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Wamasai wanauita wakati ule emutai, maangamizi, kwani sotoka ilifuatana na homa ya mapafu ya ng'ombe na ndui ya watu. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa akipita Ngorongoro, alikutana na wanawake waliobaki mifupa, watoto waliofanana na vyura kwa kudhoofika, na morani wasioweza kusimama. Hawa walikuwa watu waliokula maziwa, na maziwa yalikuwa yamekwisha katika miezi michache. Nadhani hakuna tukio lililobadilisha chakula cha Afrika Mashariki kama hilo, na inaniuma kwamba vitabu vya shule hulipitia kwa mistari miwili wakati vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe vinapewa sura nzima.

Ng'ombe walipokufa, nyasi hazikuliwa, na vichaka vikaota. Watu walipokufa au kuhama, mashamba yakarudi kuwa pori. Mbung'o akasogea mbele. Kusini, vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na moto ambao majeshi ya Wajerumani yaliutia katika maghala ya chakula vilimalizia kazi. Maeneo makubwa yakabaki bila watu na baadaye yakageuzwa kuwa pori la akiba la Selous. Katika miaka ya 1940 hata wakazi waliokuwa wamebaki sehemu za Liwale walihamishwa. Kwa hiyo mtu anaposema kusini hakujawahi kuwa na maziwa kwa sababu ya asili yake, anaichukua hali iliyofanywa na miaka 50 ya maafa akaiita desturi ya karne nyingi.

Kaskazini mwa mpaka mpya wa wakoloni, yale malisho yaliyoachwa wazi na emutai yalionekana kwa Waingereza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Kwa mkataba wa 1904 Wamasai waliondolewa kwenye Bonde la Ufa karibu na reli, nusu wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Mwaka 1913 walikwenda mahakamani, wakiwakilishwa na Ole Njogo na wenzake, wakashindwa kwa hoja kwamba mkataba wao na Mwingereza ulikuwa kati ya dola na dola na mahakama haina mamlaka juu yake. Malisho bora ya maziwa katika Afrika Mashariki yakawa ya walowezi. Lord Delamere alipata eka 100,000 Njoro, akaleta ng'ombe kutoka ng'ambo, wakamfia kwa wingi; ardhi ile ilikuwa na upungufu wa madini. Wafugaji wa kienyeji waliijua sehemu ile na hawakukaa hapo muda mrefu. Ilichukua miaka ya hasara, majosho, na kuchanganya damu ya ng'ombe wa Ulaya na wa hapa, hadi mifugo ile ikasimama. Mwaka 1925 walowezi walianzisha ushirika wa krimu huko Naivasha, Kenya Co-operative Creameries, na jina la KCC likaingia katika lugha ya kila Mkenya. Kwa miaka mingi ya mwanzo fahari yake ilikuwa siagi ya kupeleka Uingereza.

Wakati huo huo ulikuja utafiti ulioyafanya maziwa kuwa jambo la siasa. John Boyd Orr, daktari wa Scotland aliyekuwa ameonyesha kwamba watoto wa shule wa kwao waliopewa maziwa walikua haraka kuliko wenzao, alishirikiana na J. L. Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, kuwalinganisha Wamasai na Wakikuyu. Maelfu ya watu walipimwa urefu, uzito, meno, damu, na nguvu ya mkono kwa chombo cha kubana. Ripoti yao ya 1931 ilisema mwanamume wa Kimasai kwa wastani alimzidi wa Kikuyu inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito, na nguvu zake zilikuwa kubwa kwa asilimia 50. Wakikuyu walikuwa na meno mabovu zaidi, upungufu wa damu na vidonda. Wamasai walisumbuliwa zaidi na kufunga choo na maumivu ya viungo. Sababu, walisema, ni chakula: huku maziwa, nyama na damu, kule nafaka na viazi.

Ripoti ile ilisomwa London kuliko ilivyosomwa Nairobi. Boyd Orr aliendelea hadi kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945, na mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Uingereza iliwapa watoto wake wote wa shule maziwa ya bure kuanzia 1946. Watoto wa Kikuyu, ambao miili yao ilitumika kuthibitisha hoja, hawakupewa kitu. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliirudia kazi ile miaka ya 1990 na kuonyesha nyufa zake: wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani na vyakula ambavyo wanaume hawakula, na walikuwa na hali bora kuliko picha iliyochorwa. Pia Wakikuyu waliopimwa walikuwa wametoka kunyang'anywa malisho. Kumlinganisha mtu aliyebanwa kwenye kipande cha ardhi na jirani yake mwenye mbuga, halafu kusema tofauti yao ni ya kikabila, hilo ni kosa ambalo bado tunalifanya.

Ardhi na malisho ndiyo yaliyoamua, na hapa inaingia habari ya baba na mwana. Charles Swynnerton aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika, makao yake yakiwa Shinyanga. Aliwakusanya Wasukuma kwa maelfu kila mwaka kufyeka vichaka, na mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Ufyekaji uliendelea hadi sehemu za Shinyanga zikabaki kipara, na mwaka 1986 serikali ya Tanzania ililazimika kuanzisha mradi wa HASHI wa kurudisha miti, ikitegemea ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kufunga eneo la malisho ili lipumzike. Mwanawe, Roger Swynnerton, alifanya kazi ya kilimo Tanganyika, kisha akahamia Kenya. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, aliandika mpango unaoitwa kwa jina lake. Ulitaka mashamba ya Waafrika yapimwe, yapewe hati, na wenye hati waruhusiwe kulima mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa gredi. Nia ya serikali ilikuwa kuunda tabaka la wakulima watakaouogopa uasi. Matokeo yake katika birika la chai yalidumu kuliko serikali iliyouagiza. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba makubwa yaligawanywa, uhimilishaji wa bei nafuu ukawafikia wakulima wadogo, na Kiambu, Nyeri na Murang'a zikajaa ng'ombe wawili wawili vibandani wakilishwa majani ya tembo. Ushirika wa Githunguri, ulioanza 1961 kwa wafugaji wachache, umekuwa miongoni mwa wasindikaji wakubwa wa nchi ile.

Hali ya hewa ilisaidia. Nyanda za juu zina baridi, kupe ni wachache, na ndigana, ambayo kwa Kiingereza ilipewa jina la pwani yetu baada ya ng'ombe kutoka huku kuipeleka kusini mwa Afrika karibu na 1901, huua ng'ombe wa kisasa upesi zaidi kwenye joto. Lakini upande wa Tanzania, Kilimanjaro, Meru, Rungwe na Bukoba nako ni baridi. Wachagga walikuwa wakifuga ng'ombe ndani ya nyumba tangu zamani, wanawake wakipanda mlima na mizigo ya majani kutoka tambarare. Tofauti kubwa zaidi ni mambo mawili: chai na serikali.

Chai ya Kenya ni maziwa, maji na majani vikichemka pamoja sufuriani, mtindo uliokuja na Wahindi ukashikwa na kila mtu. Hunywewa asubuhi, saa nne, na jioni. Mgeni akiingia tu sufuria iko motoni. Sehemu kubwa ya lita zile 100 hupitia hapo, si kwenye glasi. Ukishuka Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, chai ni ya rangi, na ikipambwa hupambwa kwa iliki, mdalasini na tangawizi. Mtu anayekunywa chai ya rangi mara tatu kwa siku hanunui maziwa mara tatu. Kikombe hicho kimoja kinaeleza sehemu kubwa ya pengo kati ya nchi hizi mbili kuliko jeni yoyote.

Serikali nazo zilichukua njia mbalimbali. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi, aliyekuwa hajamaliza mwaka madarakani, alitangaza maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi. Yaliitwa maziwa ya Nyayo. Mamilioni ya watoto walipanga foleni kupokea pakiti zile zenye pembe tatu, wakang'ata ncha kwa meno, wakafyonza. Wengine waliyanywa nusu na kupeleka nusu kwa wadogo zao nyumbani. Watoto wa Turkana na wa Kwale waliyapata sawa na wa Nyandarua, walau barabara ilipopitika. Mpango ulikuwa ghali, ukaibeba KCC kupita nguvu zake, na miaka ya 1990 ukafifia. Lakini kizazi kizima cha Wakenya kilikuwa kimekwisha kuzoeshwa ladha. KCC ilipopoteza ukiritimba mwaka 1992 na kuporomoka, maziwa hayakutoweka. Wachuuzi waliyabeba kwa baiskeli na madumu hadi mitaani. Serikali ya Mwai Kibaki ikaifufua KCC mwaka 2003, na siku hizi mitaa ya Nairobi ina mashine za kuuzia maziwa, ambapo mtu mwenye shilingi ishirini huweka chupa chini ya bomba na kupata ya shilingi ishirini. Hilo la kununua kidogo kidogo ndilo lililowaingiza maskini wa mjini.

Tanzania ilikabidhi maziwa kwa mashirika ya umma. Miaka ya 1970 iliundwa Tanzania Dairies Limited, na mashamba ya serikali kama Kitulo, yaliyoko juu kabisa Makete, yakajazwa ng'ombe wa kisasa. Viwanda vilijengwa mikoa kadhaa. Ila mfugaji wa kijijini alilipwa bei ndogo na kwa kuchelewa, magari ya kukusanya hayakufika, na kiwanda cha Dar es Salaam kikajikuta kinaishi kwa maziwa ya unga ya msaada kutoka Ulaya, yaliyokorogwa na maji na mafuta ya siagi. Nchi yenye mamilioni ya ng'ombe ilikuwa ikiwanywesha wakazi wa mji wake mkubwa kuliko yote unga wa maziwa ya ng'ombe wa Ulaya. Msaada ulipopungua viwanda vikasinyaa, na miaka ya 1990 vikauzwa au kufungwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maziwa ya Tanzania imetoka kwa zebu wa asili, ambaye hutoa lita moja au mbili kwa siku wakati wa mvua huku akimgawia ndama wake, na sehemu iliyofika kiwandani ilikuwa ndogo mno.

Kilichofanikiwa kilianzia chini. Tanga, kuanzia 1985, mradi uliosaidiwa na Uholanzi uligawa mitamba kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapokea mtamba mwenye mimba, na ndama jike wa kwanza unampitisha kwa jirani. Mashirika mengine yalifanya hivyo Kagera na Kilimanjaro. Wafugaji wa Tanga waliunda umoja wao, na katikati ya miaka ya 1990 wakazaa kiwanda cha Tanga Fresh, ambacho mtindi wake sasa uko katika friji za maduka ya Dar es Salaam. Tanga ni pwani, mji wa nazi na samaki. Watu wake hawakubadilika miili. Walipata ng'ombe, kituo cha kukusanyia chenye tangi la ubaridi, na mnunuzi anayelipa. Rwanda ilifanya jambo la namna hiyo kwa nchi nzima kuanzia 2006 kwa mpango wa Girinka, ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini, na Kigali ukiingia kwenye baa ya maziwa unaagiza glasi ya ikivuguto baridi kama unavyoagiza soda kwingine.

Kusini nako kumeanza kubadilika, na kwa njia chungu. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Usangu na Ihefu ili kuokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Wasukuma, Wamang'ati na wengine waliswaga ng'ombe kwenda Pwani na Lindi, na mifugo mingi ikafa njiani. Walikofika waligombana na wakulima juu ya maji na mashamba, na ugomvi huo haujakwisha. Damu ilikuwa imeshamwagika kwa jambo hilo hilo Kilosa mwezi Desemba 2000, watu 38 walipouawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Lakini katika masoko ambako zamani maziwa yaliyojulikana ni ya kopo, sasa asubuhi wanakuja wanawake wa Kimasai na wa Kimang'ati na madumu na chupa za maji zilizojazwa maziwa, na mama wa Kimwera mwenye mtoto anasimama kuuliza bei.

Bei ni ya chini kuliko mjini, kwa sababu hakuna kituo cha kukusanyia, hakuna tangi la ubaridi, na ifikapo saa nne jua likiwa kali yale yasiyouzwa yanaanza kuganda. Muuzaji akiyarudisha nyumbani huyasuka apate samli au huwapa watoto. Halmashauri za kusini zina maofisa mifugo, zina korosho inayoingiza fedha, na zina shule za msingi zilizojaa watoto wanaokunywa uji usio na maziwa. Ng'ombe wameshafika.